Faji na Upambanuzi wa Bakteria Wanaougulisha Mifugo

Bakteriofaji, au faji kwa kifupi, ni virusi vinavyoshambulia bakteria. Ng'ombe, kuku au mtu hana cha kuhofia kutoka kwake, kwa sababu windo la faji ni bakteria peke yake. Tena ni windo la kuchagua. Faji inayomuua bakteria wa kuhara damu haimgusi bakteria wa kimeta, na mara nyingi hata ndani ya spishi moja faji huua ukoo huu ikauacha ule. Tabia hiyo ya kuchagua ndiyo iliyowapa wataalamu wa maabara njia ya kuwapanga bakteria wanaougulisha mifugo katika makundi, na kwa hiyo kujua ni bakteria gani hasa aliyeua na pengine ametokea wapi.

Kuchagua huko kuna sababu. Uso wa bakteria umejaa molekuli za sukari, mafuta na protini, na kila spishi ina mpangilio wake. Faji hushika molekuli maalumu tu. Ikishaishika, huingiza chembe zake za urithi ndani ya bakteria na kumlazimisha atengeneze faji mpya. Muda si mrefu ukuta wa bakteria hupasuka, na faji mpya makumi kwa mamia humwagika kutafuta bakteria wengine. Ikikosa pa kushika, hakuna kinachotokea. Hata ikishika, bakteria wengine wana ulinzi wa ndani: wapo wenye vimeng'enya vinavyokatakata DNA ngeni, na wapo waliokwisha kubeba faji nyingine iliyolala ndani yao, ambayo humzuia mgeni asizaliane. Kwa hiyo jinsi bakteria anavyoipokea faji hueleza mambo mengi kwa mara moja: uso wake ulivyo, ulinzi alionao, na faji anazozibeba.

Elimu ya faji ina mizizi katika afya ya wanyama. Mwaka 1915 Frederick Twort, aliyekuwa mkuu wa Brown Institution mjini London, taasisi iliyoanzishwa kutibu na kuchunguza magonjwa ya wanyama, alieleza jinsi makoloni ya bakteria wa stafilokoki yalivyokuwa yakigeuka maangavu na kufa, na jinsi hali hiyo ilivyoweza kuhamishwa kutoka koloni moja hadi jingine. Mwaka 1917 Félix d'Hérelle wa Institut Pasteur mjini Paris aliona jambo hilohilo katika bakteria wa kuhara damu, na ndiye aliyetunga jina la bakteriofaji. Mwaka 1919 alikwenda vijijini Ufaransa kujaribu faji dhidi ya taifodi ya kuku. Nia yake ilikuwa tiba. Upambanuzi ulishika kasi baadaye, mwaka 1938, James Craigie na Chun Hui Yen walipoonyesha mjini Toronto kwamba bakteria wa homa ya matumbo ya binadamu, waliodhaniwa kuwa ni wamoja, hugawanyika katika makundi ya kudumu wakipimwa kwa faji. Maabara za mifugo zilifuata njia hiyo.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine kubwa. Huanza na sampuli: maziwa, kinyesi, damu, kondo la nyuma, au tumbo na mapafu ya ndama aliyetupwa. Sampuli huoteshwa katika aga, na koloni moja iliyo safi huchukuliwa na kukuzwa ndani ya supu ya virutubisho mpaka supu iwe na ukungu hafifu. Supu hiyo humwagwa juu ya sahani ya aga, ziada hunyonywa, na sahani huachwa ikauke. Chini ya sahani huwa imechorwa miraba yenye namba. Mtaalamu hudondosha tone moja dogo la faji tofauti katika kila mraba, husubiri matone yanywee, kisha huiweka sahani katika joto la nyuzi 37 hadi kesho yake.

Asubuhi bakteria huwa wameota na kufunika uso wote wa sahani kwa utando mweupe usiopenyeza mwanga. Pale faji ilipofanya kazi, utando umetoboka: huonekana duara safi, lililo wazi kabisa. Mraba mwingine huwa na vidoa vidogo vingi vilivyogusana, mwingine vidoa vichache vinavyohesabika, na mwingine hauna alama yoyote. Msomaji wa sahani huandika alama ya kila mraba, kisha huulinganisha mpangilio mzima na jedwali la maabara ya rejea. Mpangilio ule ndio unaoitwa aina ya faji ya bakteria huyo.

Nguvu ya kila tone hupimwa kwa makini, kwa kuwa jibu la kweli linategemea hapo. Faji zikiwa nyingi mno zinaweza kumpasua hata bakteria asiyeziruhusu kuzaliana, kwa wingi wake tu. Zikiwa chache mno hazionekani kabisa. Kwa hiyo kila faji huzimuliwa mara kumi, mara mia, mara elfu na kuendelea, mpaka kipatikane kiwango chembamba kabisa ambacho bado kinatoa duara kamili juu ya bakteria anayeikuza kwa kawaida. Kiwango hicho ndicho kipimo cha kawaida cha majaribio. Kila siku ya kazi, bakteria wanaojulikana hupimwa sambamba na wale wa sampuli. Wanaojulikana wakijibu tofauti na wanavyotakiwa, majibu yote ya siku hiyo hutupwa.

Mahali ambapo njia hii imewafaa sana wafugaji ni katika brusela, ugonjwa wa kutupa mimba. Bakteria wake hawajiachii kutambuliwa kirahisi, kwa kuwa spishi zake zinafanana sana kwa umbo na hata kwa vinasaba, lakini kila moja ina mnyama wake wa kawaida. Brucella abortus huwapendelea ng'ombe, Brucella melitensis mbuzi na kondoo, Brucella suis nguruwe, Brucella canis mbwa, na Brucella ovis huharibu korodani za kondoo dume. Kwa binadamu, melitensis ndiyo inayosababisha ugonjwa mkali zaidi: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usiokwisha. Mgonjwa wa brusela hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa kwa wiki sita, na mara nyingi ugonjwa hudhaniwa kuwa malaria au taifodi kabla haujajulikana.

Katika miaka ya 1950 watafiti wa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, walitenga faji iliyopewa jina la mji huo. Faji ya Tbilisi, katika kipimo cha kawaida, humpasua Brucella abortus na kuacha duara wazi. Kwa Brucella suis haifanyi hivyo mpaka nguvu yake iongezwe mara elfu kumi. Kwa Brucella melitensis haifanyi kitu, hata ikiongezwa nguvu. Tone moja katika viwango viwili linatosha kuwatenganisha watatu waliokuwa wakichanganywa. Baadaye faji nyingine ziliongezwa, nazo hubeba majina ya mahali zilikopatikana: Weybridge ya Uingereza, Izatnagar ya India, Berkeley ya Marekani na Firenze ya Italia. Faji ya Weybridge huwapasua abortus na suis, na faji za Izatnagar na Berkeley humshambulia hata melitensis. Ipo pia faji iitwayo R/C kwa ajili ya canis na ovis, ambao uso wao hauna ile minyororo ya sukari ambayo faji nyingi za brusela huhitaji ili zishike.

Minyororo hiyo ya sukari inadai tahadhari moja. Bakteria wa abortus akikaa muda mrefu maabara anaweza kuipoteza. Makoloni yake, yaliyokuwa laini, hugeuka kuwa ya kukwaruza, na faji ya Tbilisi haimtambui tena. Msomaji asiyeangalia hilo anaweza kumtaja abortus kuwa ni spishi nyingine. Ndiyo maana makoloni hupimwa kwanza kwa rangi ya kristali vayoleti au kwa akriflavini, ili kuhakikisha ni laini, kabla faji haijadondoshwa.

Faida ya jibu hili huonekana zizini. Katika maeneo mengi ya wafugaji wa Afrika Mashariki, ng'ombe, mbuzi na kondoo hulala boma moja, hunywa birika moja na kulishwa malisho yaleyale. Ng'ombe wanapoanza kutupa mimba, dhana ya haraka ni kwamba ugonjwa umo miongoni mwa ng'ombe. Maabara ikimtaja Brucella abortus, dhana hiyo inasimama, na chanjo ya S19 kwa ndama jike ina nafasi yake. Ikimtaja Brucella melitensis, hesabu inabadilika: chimbuko la karibu ni mbuzi na kondoo wa bomani, nao wana chanjo yao, Rev.1. Mwenye boma akichanja ng'ombe peke yao, bakteria ataendelea kutunzwa na mbuzi, na kila msimu wa kuzaa atarudi kwa ng'ombe na kwa watu wanaokunywa maziwa mabichi au kuwasaidia wanyama kuzaa kwa mikono mitupu. Jina la spishi linaamua nani achanjwe na fedha zielekezwe wapi.

Faji haimalizi kila swali la brusela. Abortus ana aina zake ndogo saba na melitensis ana tatu, na hizo hutenganishwa kwa vipimo vingine: uhitaji wa hewa ya ukaa, utoaji wa salfidi ya hidrojeni, kuota kwenye rangi za thionini na fuksini, na seramu za kingamwili. Vilevile kazi hii ni ya hatari. Brusela ni miongoni mwa magonjwa yanayowaambukiza wafanyakazi wa maabara mara kwa mara, kwa kuvuta tu vitone visivyoonekana. Haifanywi nje ya maabara yenye kabati la usalama na watu waliofundishwa.

Kimeta ni mfano wa pili. Bakteria wake, Bacillus anthracis, hukaa udongoni akiwa katika hali ya mbegu ngumu kwa miaka mingi, na ana ndugu wa karibu, Bacillus cereus, aliyejaa katika udongo huohuo na ambaye haui mifugo kwa kimeta. Mzoga uliolala siku mbili, au udongo wa mahali ulipoangukia, huwa na wote wawili. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani, Eric Brown na William Cherry, walieleza faji iliyopewa jina la gama, inayompasua Bacillus anthracis na kuwaacha karibu ndugu zake wote. Tangu hapo faji hiyo imekuwa kipimo cha kawaida cha kuthibitisha kimeta. Katika sahani moja huwekwa tone la faji gama upande mmoja na kidonge cha penisilini upande mwingine. Bakteria akifa pande zote mbili, asiwe na mwendo chini ya hadubini wala asivunje chembe za damu katika aga ya damu, jibu liko wazi. Wachache hukiuka kanuni: wapo anthracis wanaostahimili faji gama na wapo cereus wanaopasuliwa nayo, na kwa sababu hiyo kipimo hakitegemewi kikiwa peke yake.

Uwanja mpana zaidi ulikuwa wa bakteria wa salmonela. Kwa kupima kingamwili, wataalamu wameigawa salmonela katika serova zaidi ya 2,500. Serova chache, kama Typhimurium na Enteritidis, zimeenea duniani kote kiasi kwamba kumtaja bakteria kwa jina hilo pekee hakuonyeshi ametoka shamba gani. Faji iliingia hapo, ikaigawa serova moja katika makundi madogo. Kwa Typhimurium, utaratibu uliokamilishwa na E. S. Anderson na wenzake wa maabara ya rejea ya Colindale, London, na kuchapishwa mwaka 1977, ulitenganisha aina zaidi ya 200 kwa kutumia faji zipatazo thelathini.

Manufaa yake yalikwisha kuonekana katikati ya miaka ya 1960. Ndama wachanga wa Uingereza waliokuwa wakinunuliwa, kukusanywa na kusambazwa na wachuuzi walianza kufa kwa salmonela, na watu nao wakaugua. Anderson alipowapima bakteria wa ndama na wa watu, wengi walikuwa aina ya faji namba 29, nao walikuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Kufanana huko kulionyesha njia ya ugonjwa: ulisafiri na biashara ya ndama, na usugu ulikuzwa na dawa zilizotolewa holela katika mifugo hiyo. Mjadala ulioibuka ulichangia kuundwa kwa Kamati ya Swann mwaka 1968. Ripoti yake ya Novemba 1969 ilipendekeza kwamba viuavijasumu vinavyotegemewa kutibu watu visitumike kama dawa za kukuzia mifugo. Hoja hiyo ndiyo inayosikika hadi leo popote usugu wa dawa unapojadiliwa.

Katika miaka ya 1980 ikaja zamu ya kuku wa mayai. Mwaka 1987 Linda Ward, John de Sa na Bernard Rowe walichapisha utaratibu wa kuipambanua Enteritidis kwa faji. Ulipotumika, ilidhihirika kwamba wimbi la wagonjwa nchini Uingereza lilitawaliwa na aina ya 4, na kwamba aina hiyohiyo ilikuwa ndani ya kuku na mayai yao. Bakteria hakuwa juu ya ganda tu. Alikuwa akiingia ndani ya yai kupitia viungo vya uzazi vya kuku anayeonekana mzima, hivyo kuosha mayai kusingetosha. Baadaye kuku wa mayai walipochanjwa kwa wingi, wagonjwa walipungua sana.

Muongo uliofuata ulitawaliwa na Typhimurium aina ya 104. Ilienea kwa ng'ombe, kisha ikaonekana kwa nguruwe, kondoo na kuku katika nchi nyingi, ikiwa sugu kwa dawa tano: ampisilini, kloramfenikoli, streptomaisini, salfonamaidi na tetrasaiklini. Namba 104 ikawa onyo lililoeleweka na madaktari wa mifugo na wa binadamu sawasawa. Kinyume chake, aina za 40 na 56 ziligundulika kuwa za ndege wadogo wa porini wanaokusanyika kwenye vyakula vya bustanini huko Uingereza, na aina ya 2 na ya 99 kuwa za njiwa. Bakteria wa serova moja, kwa hiyo, wanaweza kuwa na wenyeji tofauti kabisa, na faji ndiyo iliyoonyesha mipaka hiyo.

Stafilokoki wanaosababisha ugonjwa wa kiwele nao walipimwa kwa njia hii. Faji za kimataifa zilitengenezwa kwa ajili ya stafilokoki wa hospitalini, kwa hiyo wengi wa ng'ombe hawakujibu. Zilipoongezwa faji zinazowahusu ng'ombe, ikiwemo ile iitwayo 42D, ilibainika kwamba stafilokoki wa viweleni kwa kiasi kikubwa wana koo zao, na kwamba ng'ombe mgonjwa huambukiza mwenzake kwa mikono ya mkamuaji, vitambaa na vikombe vya mashine ya kukamulia. Kukamua wagonjwa mwisho na kuchovya chuchu katika dawa baada ya kukamua ni hatua zinazotokana na ujuzi wa namna hiyo.

Njia ya faji ina udhaifu wake. Faji ni vitu hai kwa namna yake: zinahitaji kukuzwa, kuhifadhiwa na kuhakikiwa daima, na maabara chache duniani zilikuwa na seti kamili. Bakteria wengine hawajibu faji yoyote, na wengine hujibu kwa mpangilio usio katika jedwali. Tena aina inaweza kubadilika bila bakteria kubadilisha ukoo. Enteritidis aina ya 4 akipoteza sukari za uso wake husomeka kuwa aina ya 7, na akiokota plasmidi fulani ya usugu wa dawa, yaani kipande cha DNA kinachohama kati ya bakteria, husomeka kuwa aina ya 24. Mchunguzi asiyejua hilo atahesabu milipuko mitatu pale penye mmoja.

Kwa sababu hizo, usomaji wa vinasaba vyote vya bakteria umechukua nafasi ya faji katika maabara kubwa. Maabara ya rejea ya Uingereza ilihamia huko kwa salmonela katikati ya miaka ya 2010. Vinasaba hueleza ukoo kwa undani ambao faji haikuweza kuufikia. Hata hivyo faji haijastaafu. Faji za brusela na faji gama ya kimeta bado zimo katika vipimo vinavyotambuliwa, kwa kuwa hazidai zaidi ya aga, sahani, joto la kutosha na mtu aliyefundishwa. Maabara isiyo na mashine ya kusoma vinasaba bado inaweza kutoa jibu la kutegemewa. Na majina yaliyotolewa na faji, kama 104, bado hutumika kutaja koo ambazo vinasaba vimethibitisha kuwa ni za kweli.

Kila kipimo, cha faji au cha vinasaba, huanzia mikononi mwa mfugaji. Ng'ombe akitupa mimba, kondo la nyuma na ndama aliyetupwa visiguswe kwa mikono mitupu wala visitupiwe mbwa. Afisa mifugo aitwe achukue sampuli kabla havijazikwa. Mnyama akifa ghafla huku damu isiyoganda ikitoka puani na sehemu ya haja kubwa, mzoga usipasuliwe wala nyama isigawanywe, kwa maana hewa ikiingia bakteria wa kimeta hujigeuza mbegu na kukaa udongoni kwa miaka. Maziwa yachemshwe. Na viuavijasumu vitolewe kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Sampuli iliyochukuliwa mapema, ikawekwa kwenye chombo safi chenye barafu na kufikishwa maabara pamoja na maelezo ya boma ilikotoka, ndiyo inayompa mtaalamu uwezo wa kumtaja bakteria kwa jina. Isipofika, chanjo itachaguliwa kwa kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mfugaji na watoto wanaokunywa maziwa yake.